Barabara ya Krismasi hupita Segera

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro huwa haina nafasi. Yapo mabasi ya kila siku na yale ya nyongeza, zipo Noah zilizojaa mpaka watoto wamepakatwa, yapo malori ya Arusha na Namanga ambayo hayajui sikukuu. Na ukingoni kabisa mwa lami, zikiyumba kila basi linapopita, zipo pikipiki.

Hizi si zile kubwa za watalii zenye masanduku ya chuma pembeni. Ni Boxer, TVS na Haojue, zile zile ambazo juzi zilikuwa zikibeba abiria Mbagala, Tandika na Kimara. Nyuma, kwenye keria, begi limefungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Juu ya begi pana mfuko wa mchele, na juu ya mchele labda pea ya viatu vya mtoto. Dereva amevaa jaketi zito la baridi katikati ya joto la Pwani, kwa sababu anajua usiku utamkuta wapi. Anakwenda Marangu, Machame, Kibosho au Rombo. Mpaka Moshi mjini ni takriban kilomita 560, na kwa mtu wa Rombo, Moshi wala si njiani: atakunja kulia Himo na kuanza kupanda.

Kwa nini pikipiki? Kila Desemba Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, huwaonya wenye mabasi wasipandishe nauli, na kila Desemba abiria hulalamika kwamba zimepanda. Kituo kikubwa cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichozinduliwa mwaka 2021, hufurika watu wenye tiketi na wasio nazo. Treni ya abiria ya Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20, ikawa faraja kubwa, lakini mabehewa yana kikomo. Kuna sababu nyingine ambayo haihusu nauli hata kidogo. Kijana ambaye amemlipa tajiri wake hesabu kila siku kwa zaidi ya mwaka mpaka mkataba ukaisha na pikipiki ikawa yake, anataka mama yake aione. Kuipeleka nyumbani ni taarifa ya mwaka mzima, na hakuna tiketi ya basi inayoweza kuisema.

Hata huko nyumbani chombo hicho kina kazi. Krismasi ya Wachaga ni mikutano: mbuzi huchinjwa, kisusio, supu yenye damu ya mbuzi, hunywewa, mbege, pombe ya ndizi, hupita mkono kwa mkono, makaburi ya wazee yaliyomo ndani ya kihamba, shamba la ukoo, hupaliliwa, na madeni ya maneno hulipwa. Aliyemkosea ndugu yake humpelekea jani la isale, na mwenye kupokea isale hutarajiwa kusamehe. Yote haya yanataka kutembea nyumba hadi nyumba kwenye njia za mgombani ambako gari dogo la mjini hukwama mvua ya kwanza.

Safari yenyewe ni ya hatari, na makala haya hayamshauri mtu yeyote kuifanya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya mmoja kati ya watano wao walikuwa juu ya vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Shirika hilo hilo linasema kofia ngumu nzuri, iliyofungwa sawasawa, hupunguza uwezekano wa kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Barabarani Desemba bado unaziona kofia zikining'inia kwenye usukani, na inauma kuziona pale.

Lakini tazama ramani. Kutoka Kibaha kwenda Chalinze, kupitia Lugoba, Msata, kuvuka daraja jipya la Wami lenye urefu wa zaidi ya mita 500, kisha Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe mpaka Mombo, msafiri huyu wa Krismasi anapita katika nchi ya misikiti. Uislamu umeota mizizi Pwani na Tanga kwa karne nyingi. Akishaingia Same, upande wa kulia ana milima ya Upare, ambako Waislamu na Wakristo hukaa kitongoji kimoja na mara nyingi ukoo mmoja. Huko pia Waadventista Wasabato walifika mwaka 1903, na wengi wao hawaihesabu Krismasi kuwa sikukuu takatifu. Kwa maneno mengine, kabla hajaiona theluji ya Kibo, Mkristo anayekimbilia sikukuu yake amepita mamia ya kilomita akiwa mikononi mwa watu ambao, kwa wengi wao, Krismasi ni siku kama nyingine.

Na ni mikononi hasa. Mwenye basi akipata pancha, kondakta hushuka na dereva hupiga simu kwa tajiri. Mwenye gari dogo hufunga vioo akasubiri. Mwenye pikipiki hana cha kufunga. Msumari ukiingia kwenye tairi la nyuma baada ya Kabuku, yeye husukuma, jasho likimtiririka ndani ya lile jaketi, mpaka aione taa. Chini ya taa ile kuna fundi na beseni la maji. Fundi anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha ndani ya beseni na kutafuta mapovu. Anakwangua, anapaka solusheni, anabandika kiraka, anapuliza kwa mdomo, anasubiri. Adhana ya Isha imeshaita, wenzake wamerudi majumbani. Msafiri ni mgeni ambaye huenda hatamwona tena, ana haraka, na hana pengine pa kwenda. Kama kuna usiku ambao fundi angeweza kutaja bei anayoitaka, ni huu.

Wapo wanaoitaja, na msafiri hulipa akinung'unika. Ila ni wengi wanaotoza bei ya jana, na jambo hilo halijasemwa vya kutosha. Tunapozungumza juu ya wema njiani tunapenda kusikia habari za sahani ya bure na kitanda cha bure. Katika wiki ambayo nauli, nyama na chumba cha kulala wageni vyote vimepanda, mtu anayeacha usingizi wake na kutoza shilingi zile zile amempa msafiri zawadi, hata kama pesa zimepita mkononi. Mama anayeuza chai na chapati kando yake, akamwambia kijana akae karibu na moto akauke mvua ya vuli wakati tyubu inakauka, hakumdai kwa moto ule.

Kuna msaada mwingine ambao hauna hata uso. Lori linapoharibika kwenye kona, utingo hukata matawi na kuyapanga barabarani, mbele na nyuma, hatua nyingi kabla ya lori lenyewe. Anayekuja usiku na taa hafifu ya pikipiki huyaona majani yale na kushika breki. Aliyeyakata hajui amemwokoa nani. Sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga, na ni sawa kabisa kuzidai. Lakini kwa miaka mingi ni matawi ya miti yaliyofanya kazi hiyo, na yaliwekwa na watu ambao walikuwa na shida yao wenyewe ya kushughulikia.

Hakuna anayepaswa kushangaa kwamba mkono wa msaada hutoka kwa asiye wa sikukuu hii. Kurani, katika Sura At-Tawba aya ya 60, inataja makundi manane ya watu wanaostahili zaka, na mmojawapo ni ibnu sabili, msafiri aliyekwama njiani. Haisemi awe wa kabila gani, wala haihitaji awe maskini kwao. Inatosha kwamba hapa alipo ameishiwa. Injili ya Luka nayo ina kisa cha mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kushuka Yeriko. Aliyesimama, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake na kumlipia dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, alikuwa Msamaria, mtu wa jamii ambayo wasikilizaji wa kisa kile hawakuwa wakipatana nayo. Wanaokisoma makanisani Rombo wana Wasamaria wao Segera na Hedaru, na itapendeza wawataje.

Historia ya safari ndefu za pikipiki imejaa mambo ya namna hii. Tarehe 11 Desemba 1934, Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni, ikivuta tela nyuma, wakielekea Cape Town. Krismasi ya mwaka ule iliwakuta safarini. Walivuka Sahara bila dira, injini ikawafia, wakaijenga upya Agadez, nchini Niger ya leo. Kutoka huko walikuja kwa njia ya Nigeria, Kongo na Uganda mpaka Kenya na Tanganyika, wakafika Cape Town tarehe 29 Julai 1935. Walikuwa mafundi hodari, na haki yao wapewe. Lakini jangwani hakuna ufundi unaozaa maji. Mwenye kisima ndiye anayeamua kama safari itaendelea, na katika nchi walizopita mwanzoni, mwenye kisima aghalabu alikuwa Mwislamu.

Mwaka mmoja kabla yao, mkesha wa Krismasi ya 1933, Mmarekani Robert Edison Fulton aliingia New York akiwa amemaliza safari ya karibu mwaka mmoja na nusu kwa pikipiki ya Douglas. Alikuwa ameanzia London Julai 1932, akapita Uturuki, Shamu, Iraki, India, Malaya na China mpaka Japani, kisha akavuka nchi yake mwenyewe. Alipoondoka alificha bastola chini ya injini, maana kila mtu alimwambia atakakopita kuna watu wabaya. Bastola ile hakuitumia. Watu walimpokea, wakamlisha, wakamwonyesha njia, nchi baada ya nchi, na kitabu chake cha mwaka 1937 kimejaa shukrani kwao.

Kisa cha Elspeth Beard ndicho kinachogusa kuliko vyote. Alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo, umri wake miaka 23, alipoondoka London Oktoba 1982 kwa pikipiki ya BMW iliyokwishatembea sana. Huko Thailand mbwa alikatiza mbele yake, mbwa akafa, naye akaanguka na kuumia. Familia maskini iliyokuwa karibu ilimwokota, ikamtibu majeraha na kumtunza kwa wiki mbili hivi. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Baadaye aligundua kwamba nyama aliyokuwa akilishwa ilikuwa ya mbwa yule yule, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna kilichotupwa. Msomaji wa Kiswahili anaweza kushtuka kwa nyama hiyo, ila ashtuke pia kwa jambo la pili: watu waliokuwa na kidogo kiasi hicho walimgawia mtu ambaye hata lugha yake hawakuielewa.

Karibu zaidi na kwetu ni barabara ya kaskazini mwa Kenya, takriban kilomita 500 kutoka Isiolo kupitia Marsabit mpaka Moyale. Kabla lami haijaikamilisha katikati ya muongo uliopita, ilikuwa mawe na mawimbi ya changarawe yaliyovunja shokapu, spoki na mifupa. Mwandishi Mwingereza Ted Simon, aliyeondoka London Oktoba 1973 na kuizunguka dunia kwa miaka minne juu ya Triumph, alirudia safari hiyo mwaka 2001 akikaribia miaka 70, akavunjika mguu kaskazini mwa Kenya. Wengi walioharibikiwa kwenye njia ile walitolewa na malori ya ng'ombe na mbuzi yaliyoshuka Nairobi. Pikipiki ilifungwa kwa kamba juu kwenye mabomba, mwenyewe akakaa karibu nayo pamoja na wasafiri wengine. Wengi wa madereva na matingo wale walikuwa Waislamu, Waborana na Wasomali. Aliyewahi kupita huko mwishoni mwa mwaka anajua pia kwamba mpakani Moyale Krismasi huja mara mbili: tarehe 25 Desemba upande wa Kenya, na tarehe 7 Januari upande wa Ethiopia, ambako Kanisa la Kiorthodoksi huisherehekea kwa jina la Genna.

Sasa lipo swali ambalo visa hivi havilijibu, nalo ndilo zito. Mzungu aliyepauka kwa vumbi, mwenye pikipiki ya bei ya nyumba, akibisha hodi kijijini saa mbili usiku huitiwa kiti. Kijana wa bodaboda kutoka Mbagala akibisha mlango ule ule saa ile ile, wenye nyumba huzima taa. Chombo ni cha magurudumu mawili vile vile, njaa ni ile ile.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Watu wameporwa na waliopanda pikipiki. Mikoba imekwapuliwa, na madereva wenyewe wameuawa na abiria waliotaka chombo. Mwenye nyumba anayekataa kumfungulia mgeni usiku hapaswi kuitwa mtu mbaya. Ila ni kweli pia kwamba wengi wa vijana hawa wanaishi kwa kubeba wagonjwa, wajawazito na watoto wa shule wa watu wasiowajua, na wanapohitaji kubebwa wao, sura yao huwaponza. Adabu ya njiani iliyompokea Fulton na Beard haikudai hati ya tabia njema.

Wenyeji wa barabara ya Kilimanjaro wamejitafutia njia ya katikati. Anayekwama usiku huelekezwa kituo cha mafuta, ambako mlinzi humwacha aegeshe chini ya taa na kujilaza kwenye boksi hadi alfajiri. Vijijini hupelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa balozi wa nyumba kumi, akajieleza, akaonyesha kitambulisho na kadi ya chombo. Baada ya hapo ni mgeni wa kijiji na wala si mtu wa gizani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, migahawa mingine nayo hukesha, na penye watu macho pana usalama.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kijiwe cha bodaboda. Madereva wa Segera, Mombo, Same na Himo humjua mwenzao kwa jinsi anavyoshika klachi. Mgeni akifika pale na cheni mkononi, huulizwa anatoka wapi, anakwenda wapi na amekula nini. Mwenye cheni ya akiba huitoa, mwenye spana huileta. Mwenye pikipiki nzima humpandisha wakaenda kumwamsha muuza vipuri. Haya yote hayajaandikwa katika katiba ya chama chochote cha bodaboda. Wanafanya hivyo kwa kuwa kila mmoja wao amewahi kusukuma.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba hawa, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kufika penye ajali, hufika mikono mitupu. Humnyanyua majeruhi kwa nguvu na huruma, bila kujua kwamba shingo iliyoumia haitikiswi, au kwamba damu inayoruka huzuiwa kwa kugandamizwa. Uganda wameonyesha kwamba hili linarekebishika. Mwaka 2016, katika mji wa Iganga, ulioko kwenye barabara kuu iendayo Kenya, madereva wa bodaboda zaidi ya 150 walifundishwa huduma ya kwanza na kupewa vifaa vya msingi, kisha wakarudi kwenye vijiwe vyao na kuanza kuwahudumia majeruhi wa barabarani. Hapakuhitajika gari la wagonjwa wala jengo. Palihitajika wakufunzi, glavu na bandeji.

Tanzania nayo ina mfano wake. Mpango wa m-mama hutumia simu ya bure namba 115 kuwaita madereva wa kawaida, watu wa jamii wenye magari yao, wamkimbize mama mjamzito au mtoto mchanga hospitali pale gari la wagonjwa linapokosekana. Dereva hulipwa, na mama hufika. Kama serikali, hospitali na wahisani wameweza kumwamini dereva wa kijijini kwa roho mbili kwa pamoja, kijiwe cha Hedaru kinaweza kuaminiwa kwa boksi la bandeji.

Gharama yake ni ndogo, na wa kuibeba wapo. Jumuiya za Wachaga waishio Dar es Salaam huchangishana kila mwaka kwa ajili ya shule, zahanati na makanisa ya huko juu mlimani. Kampuni za mabasi huvuna wiki hizi za sikukuu kuliko wiki nyingine. Sehemu ya fedha hizo inaweza kuteremka mpaka Mkata, Kabuku, Segera, Mombo na Makanya, kwa watu ambao hawatakula mbuzi wa tarehe 25 lakini ndio wanaowafikisha walaji. Mafunzo yanaweza kufanyika Oktoba na Novemba, kabla ya pikipiki ya kwanza yenye begi kwenye keria kukata kona ya Chalinze kuelekea kaskazini.